Shamba la Minecraft kwenye seva: kuanzia kutafuta eneo hadi kumuuzia mwanakijiji

Kulima ndani ya Minecraft ukiwa peke yako kwenye simu ni kazi ndogo: unavunja nyasi, unapata mbegu, unamwaga maji, unapanda. Kulima kwenye seva ya mtandaoni ni habari nyingine. Mazao ni yale yale na jembe ni lile lile, ila kinacholiua shamba hubadilika. Mara nyingi si ukame wala zombi. Ni shamba kuwa mbali na mwenyewe, au kuachwa wazi kwa kila apitaye. Ndiyo maana hapa nitakaa sana kwenye eneo, ulinzi na maji, na mengine nitayapitia upesi.

Na kama kuna mtu nyumbani anakuuliza kwa nini unapoteza muda na mchezo wa watoto, mwambie UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu Nairobi, limekuwa likiutumia mchezo huu tangu 2012, kwa ushirikiano na Mojang walioutengeneza, ili wakazi wa mijini wachore wenyewe viwanja na bustani wanazozitaka. Haitamnyamazisha, lakini itakupa nusu saa.

Kabla hujaingia

Minecraft ina matoleo mawili. Java ni la kompyuta. Bedrock ni la simu, konsoli na Windows. Seva ya Java kwa kawaida haimpokei mtu wa Bedrock, isipokuwa mwenye seva ameweka Geyser, programu inayowaunganisha. Wengi wetu tunacheza kwa simu, kwa hiyo hili ndilo swali la kwanza kumuuliza aliyekualika. Mwombe anwani pamoja na namba ya poti. Ya kawaida kwa Java ni 25565 na kwa Bedrock ni 19132, lakini wapo wanaoibadilisha.

Kisha soma sheria za seva. Zisome kweli. Unatafuta mambo matatu: je, watu wanaruhusiwa kuiba na kubomoa? Kuna njia ya kumilikisha ardhi? Kuna kikomo cha mifugo au mashine? Seva ambayo wizi ni halali si mbaya, wapo wanaoipenda, ila shamba lake hujengwa chini ya ardhi na hakuna anayeambiwa lilipo.

Hatua ya 1: Eneo

Dunia ya Minecraft imegawanywa katika vipande vya bloki 16 kwa 16, vinavyoitwa chanki. Seva haiwezi kuendesha dunia nzima kwa wakati mmoja, hivyo huendesha chanki zilizo karibu na wachezaji tu. Zilizobaki zinalala. Mmea ulio kwenye chanki iliyolala haukui hata kidogo. Ukiondoka, na hakuna mtu mwingine jirani, ngano yako inasimama pale pale ilipofikia mpaka mtu arudi.

Ukaribu huo ni kiasi gani? Anayeamua ni admini, yaani msimamizi wa seva. Wengi hupunguza umbali ili seva isielemewe, na ukipunguzwa hadi chanki 4, maana yake ni bloki 64 hivi kutoka ulipo. Shamba lililo ng'ambo ya mlima, hata liwe zuri namna gani, halikui unapojenga nyumba huku.

Kwa hiyo usitafute bonde zuri kwanza. Jiulize ni wapi utakuwa unakaa. Shamba linakaa hapo: nje ya mlango, karibu na masanduku yako, karibu na tanuru. Na kuna mbinu moja ninayoipenda kuliko zote: chimba mgodi wako wima, chini ya shamba lenyewe. Chanki huanzia kwenye mwamba wa chini kabisa hadi angani, kwa hiyo ukiwa kule chini unatafuta chuma na almasi, juu mazao yanaendelea kukua. Unapanda ngazi umechoka, unakuta chakula tayari.

Kuwa na jirani mzuri kunasaidia pia, kwa sababu akiwa mtandaoni chanki zenu nyote zinaamka. Ila usijibanze karibu na mahali wachezaji wapya wanapotokea. Ni kweli pale hapakosi watu, lakini wengi wao hawana jembe, hawana mkate, na wana njaa.

Ardhi tambarare ni bora, kijiji kikiwa karibu ni bora zaidi, utaona mbele kwa nini. Epuka nchi ya theluji kama huna sababu: maji yaliyo wazi chini ya anga huganda kuwa barafu. Kama huna pengine, yafunike kwa bloki na hayataganda.

Hatua ya 2: Miliki ardhi kabla ya kuilima

Wengi hulima kwanza, ulinzi baadaye. Geuza. Kwenye seva za Java, plagini (programu ya nyongeza ya seva) inayotumika sana ni GriefPrevention. Ukiwa na sepeto la dhahabu (kipande kimoja cha dhahabu na vijiti viwili), unabofya pembe moja ya kiwanja chako, unatembea hadi pembe ya mkabala, unabofya tena. Mipaka inaonekana kwa muda. Ukitaka kujua kama mahali pana mwenyewe, shika kijiti na ubofye ardhi. Fanya hivyo kabla hujaanza kukata miti, kwa sababu msitu unaoonekana mtupu unaweza kuwa wa mtu aliyesafiri wiki mbili.

Pima kiwanja kizidi shamba. Shamba la kwanza ninalolieleza hapa lina ukubwa wa bloki 11 kwa 11 pamoja na uzio. Ongeza bloki tano au sita kila upande, za mifugo, masanduku na upanuzi. Usiongeze hamsini. Kuzingira ardhi usiyoitumia ndiyo njia ya haraka ya kuchukiwa na seva nzima.

Rafiki unayelima naye mpe ruhusa kwa amri ya /trust ikifuatiwa na jina lake. Kama unataka afungue masanduku bila kubomoa wala kujenga, tumia /containertrust. Watu wengi hutoa ruhusa kamili kwa kila anayeomba, halafu wanashangaa. Anayetaka kukusaidia kuvuna leo si lazima awe na uwezo wa kung'oa ukuta kesho.

Kama mnacheza kwenye Realms, huduma ya kulipia ya Mojang wenyewe, hakuna plagini hizo. Pale ulinzi ni orodha ya walioalikwa. Mwenye Realms anaweza kurudisha nakala ya zamani ya dunia likitokea la kutokea, lakini mtapoteza kila kilichojengwa tangu nakala ile, na hapo ugomvi huanza upya.

Hatua ya 3: Vifaa

Jembe la mbao linatosha kuanzia: mbao mbili, vijiti viwili. Mbegu za ngano unazipata kwa kuvunja nyasi. Si kila nyasi hutoa, takriban moja kati ya nane, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Karoti na viazi havitoki kwenye nyasi. Tafuta kwenye mashamba ya vijijini, kwenye masanduku ya meli zilizozama, au omba jirani kimoja tu. Kimoja kinatosha, kwa sababu kila mmea ukikomaa hutoa kadhaa.

Ndoo inahitaji vipande vitatu vya chuma. Kama bado hujapata chuma, lima kando ya mto na uchimbe mfereji; maji yanayotiririka yanalowesha ardhi sawasawa na yaliyotulia.

Hatua ya 4: Maji na kipimo cha 9 kwa 9

Bloki moja ya maji inalowesha ardhi iliyolimwa hadi bloki nne kila upande, pembeni na kwa mshazari, mradi maji yawe usawa mmoja na ardhi au bloki moja juu yake. Hapo ndipo kipimo cha 9 kwa 9 kinapotoka. Fanya hivi:

Simama katikati ya eneo lako. Chimba bloki moja, mwaga ndoo ya maji. Kutoka kwenye maji hesabu bloki nne kaskazini, nne kusini, nne mashariki, nne magharibi, uweke alama. Sasa unao mraba wa bloki 81: moja ya maji, 80 za kupanda. Sawazisha vilima, jaza mashimo, kisha pita na jembe. Baada ya muda mfupi utaona udongo unageuka rangi na kuwa mweusi zaidi. Huo umelowa. Ukiona bloki imebaki na rangi nyepesi, maji hayajaifikia: hesabu upya, kwa kawaida umezidi kwa moja.

Ardhi iliyolimwa ikiwa kavu na haina mmea hurudi kuwa udongo wa kawaida. Kwa hiyo usilime kwanza ukaenda kutafuta ndoo. Maji, jembe, mbegu: kwa mpangilio huo.

Sasa funika yale maji. Weka ubao mmoja juu yake, usawa wa mimea. Maji ya chini yanaendelea kulowesha kama kawaida, na wewe hutatumbukia kila unapopita. Kutumbukia peke yake hakuna neno. Tatizo ni kutoka. Unatoka kwa kuruka, na ukitua juu ya ardhi iliyolimwa inarudi kuwa udongo, mmea unang'oka. Kutembea juu ya shamba ni salama. Kuruka ndiko kunakoharibu, na kwenye seva wapo wanaoruka kila wanapokwenda kana kwamba ardhi ni ya moto.

Ukitaka chanzo cha maji kisichokwisha, chimba shimo la 2 kwa 2 lenye kina cha bloki moja, mwaga ndoo mbili kwenye pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari. Chota utakavyo, hujaa tena. Ukipanua shamba, chanzo kipya kikae bloki tisa kutoka cha zamani.

Hatua ya 5: Kupanda kwa mistari

Hapa watu hupoteza muda bila kujua. Mchezo hukagua majirani wa kila mmea. Mmea ukizungukwa pande zote na mazao ya aina yake, kasi ya kukua hupungua nusu. Ukipanda ngano tupu bloki zote 80, zinakua polepole kuliko zikipandwa kwa mistari: mstari wa ngano, mstari wa karoti, ngano, viazi. Kilimo mseto, kile kile cha mahindi na maharage kule nyumbani, ingawa hapa sababu yake ni hesabu ya kompyuta na si rutuba. Mistari yote ielekee upande mmoja. Usichanganye kama ubao wa drafti, kwa kuwa mmea wa aina moja ukiwa kwenye mshazari nao unahesabiwa.

Ngano ina hatua nane za kukua. Siku nzima ya Minecraft ni dakika 20 za saa yako, na kwenye shamba lililolowa lenye mistari, sehemu kubwa ya mazao hukomaa ndani ya siku mbili tatu za mchezo. Lakini ukuaji ni wa bahati nasibu, mmoja mmoja, kwa hiyo usishangae mmea mmoja kuchelewa wakati jirani zake wameiva.

Hatua ya 6: Mwanga na uzio kwa pamoja

Mimea inahitaji kiwango cha mwanga cha 9 kwenda juu. Mchana jua linatosha. Usiku, taa hukuhakikishia kiwango hicho. Mwenge hutoa 14 na hupungua kwa moja kila bloki, kwa hiyo kwa mpango huu unahitaji mienge tisa tu: mmoja juu ya ule ubao wa katikati, minne kwenye pembe za uzio, na minne katikati ya kila upande wa uzio. Mwenge unakaa vizuri juu ya nguzo ya uzio. Kwa mpangilio huu hakuna bloki hata moja kati ya zile 80 inayoshuka chini ya 9.

Uzio unaozunguka mraba wa 9 kwa 9 unachukua nafasi 40: vipande 39 na geti moja. Magogo 18 yanatosha kutengeneza vyote pamoja na vijiti vyake. Geti usiliweke kwenye pembe wala katikati ya upande, kwa kuwa mwenge haukai juu yake. Sungura hula karoti, na wanyama wengine wakirukaruka hukanyaga shamba. Tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021, viumbe wabaya hutokea mahali penye giza kabisa tu, kwa hiyo mienge hiyo hiyo inalinda ndani. Weka mingine michache nje ya uzio. Kripa, kiumbe mbaya anayejilipua, akilipuka ukutani hajali umepanda nini. Paka husaidia: kripa humkimbia paka.

Hatua ya 7: Kuvuna bila kupoteza mbegu

Ngano iliyoiva ni ya dhahabu na vichwa vimeanza kuwa na kahawia. Ya kijani ikivunjwa inakurudishia mbegu moja tu. Karoti iliyoiva huonyesha rangi ya chungwa kwenye shina, viazi huonyesha manjano yake juu ya udongo. Visipoonekana, acha.

Kwa tunaocheza kutoka Afrika Mashariki kwenye seva zilizo Ulaya au Marekani, kuna jambo la ziada. Kila unachofanya kinasafiri hadi kwenye seva na kurudi. Jioni mtandao ukilemewa, utavunja mmea, utauona umetoweka, kisha utarudi. Ukibofya kwa pupa unaweza kudhani umepanda upya kumbe bloki iko tupu. Vuna mstari mmoja, simama kidogo, geuka uuangalie, ndipo upande. Ukiona unarudishwa nyuma hatua kadhaa kila unapotembea, ahirisha mavuno. Mazao yaliyoiva hayaozi, yatakusubiri.

Panda ulipovuna, papo hapo. Kwenye shamba la umma la seva hii ni adabu ya kwanza, na anayevuna bila kurudishia hujulikana haraka.

Mbegu zitakazozidi ziingize kwenye pipa la mboji, linalotengenezwa kwa vibao vya nusu saba. Kila mbegu ina nafasi ya asilimia 30 ya kupandisha kina. Likijaa linakupa unga wa mifupa, ambao ukiunyunyizia mmea unaruka hatua mbili hadi tano kwa mara moja. Utumie kwa mbegu adimu za mwanzo, ile karoti moja uliyoomba kwa jirani. Kuumwaga kwenye ngano iliyokwisha enea ni ufujaji.

Hatua ya 8: Mifugo, kwa kifupi

Ng'ombe na kondoo wanazaliana kwa ngano, kuku kwa mbegu, nguruwe kwa karoti, viazi au bitiruti. Wazazi wanapumzika dakika tano, mtoto anakua kwa dakika 20. Anza na wawili wawili na usijaze zizi: wanyama wengi mahali pamoja huielemea seva, na admini akianza kufuta hachagui wa nani.

Hatua ya 9: Kumuuzia mwanakijiji

Weka pipa la mboji karibu na mwanakijiji (mhusika anayeendeshwa na mchezo wenyewe) asiye na kazi. Atakuwa mkulima na ataanza kununua. Kwa zumaridi moja hutaka ngano 20, au viazi 26, au karoti 22, au bitiruti 15. Mwanzoni huja na mapatano mawili tu, kwa hiyo kama hakutaki ulicholima, na hujafanya naye biashara yoyote, vunja pipa na uliweke tena: orodha yake inabadilika.

Fanya hesabu kabla ya kuchagua la kuuza. Bloki 80 za ngano zinakupa ngano 80, yaani zumaridi nne. Viazi hutoka viwili hadi vitano kwa mmea, na hata ukirudishia mbegu kwa kawaida unabaki na zaidi ya hapo. Ngano mimi huiacha ya mikate (ngano tatu kwa mkate mmoja) na ya mifugo, viazi na karoti ndivyo vinavyokwenda sokoni. Mkulima akishanunua mara kadhaa hufunga biashara hadi arudi kwenye pipa lake, kwa hiyo wawili watatu ni bora kuliko mmoja. Wajengee chumba ndani ya mipaka yako, chenye paa na taa, kwa sababu mwanakijiji akiumwa na zombi usiku hakuna wa kumdai.

Ukifika hapa utashawishika kuweka mashine: faneli za kukusanya mazao, pistoni za kufungulia maji, wanakijiji wanaovuna wenyewe. Inawezekana, na wanakijiji wakulima kweli huvuna na kupanda tena bila kuambiwa. Lakini faneli ni miongoni mwa vitu vinavyoilemea seva zaidi, na seva nyingi zina kikomo chake kwa kila chanki. Muulize admini idadi anayoruhusu kabla hujachimba msingi.